Santuri Iliyonyimwa Uraia

Hapana mji usio na jina la kuazima, na mji wa Dar es Salaam haujitoi katika kanuni hiyo. Mtaa unaohesabiwa kuwa moyo wa mji wa Waafrika, mtaa uliolea vilabu vya mpira, vyama vya siasa, vikundi vya ngoma na bendi za dansi, waitwa Kariakoo. Na jina hilo halikutoka katika Kizaramo wala katika lugha yo yote ya pwani. Ni maneno ya Kiingereza yaliyotajwa juu ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao walipiga kambi mahali hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Wenyeji waliyatafuna maneno hayo, wakayameza, na yalipotoka tena yalikuwa Kiswahili. Leo mtu akisimama katika Mtaa wa Msimbazi akadai kwamba Kariakoo si neno la Kiswahili, atachekwa hata na wauza vitunguu.

Lastaajabisha, basi, jambo moja. Watu hao hao walipokeao neno hilo bila ya kuliuliza cheti cha kuzaliwa hugeuka mahakimu wakali wanapoletewa santuri ya vijana wa mji huo huo. Santuri yenyewe yaitwa Ave Africa. Ilitengenezwa mwaka 1976 na bendi ya Sunburst, iliyoundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, na miongoni mwa watu wake walikuwa mwimbaji James Mpungo na mpiga gitaa Hembi Flory Kongo, mwenye asili ya Zaire. Ndiyo santuri yao ndefu ya pekee. Ndani yake gitaa la umeme hukwaruza na kulia, kinanda cha umeme hutandaza sauti pana chini ya waimbaji, na mwendo wa ngoma hukutana na mwendo wa soul na wa dansi ya mjini. Ni muziki wa roki, na ni muziki wa Dar es Salaam. Mahakimu hukubali la kwanza, hukataa la pili.

Shutuma zitolewazo juu ya santuri hii, na juu ya muziki wote wa namna yake, ni tatu. Ya kwanza ni kwamba sauti yake ni ya kigeni, iliyoigwa Ulaya na Marekani. Ya pili ni kwamba lugha yake si safi, kwani Kiswahili kimekaa mkeka mmoja na Kiingereza, na hata jina la santuri limeanza kwa neno la Kilatini. Ya tatu ni kwamba haikuzaliwa nchini, kwa kuwa ilirekodiwa Zambia. Washitaki hukamilisha mashitaka yao kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Yafaa kila shutuma ipimwe kwa mizani yake, kisha ionekane ni nani hasa aliyeiacha asili.

Kuhusu ugeni wa sauti, mshitaki na aulizwe kwanza ni muziki gani wa mjini anaouita wa asili. Hapana shaka atataja bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa 1932, Western Jazz ya 1944, NUTA Jazz ya 1964. Atafanya vema kuzitaja, maana ni fahari ya nchi. Lakini tarumbeta la bendi hizo halikuchongwa kwa mninga wa Tabora, wala saksafoni haikufuliwa na wahunzi wa Ufipa. Mwendo wa rumba ulifika bandarini katika santuri za Kuba zilizouzwa na makampuni ya Ulaya, na vijana wakauiga kwa sikio mpaka wakaumiliki. Salum Abdallah wa Morogoro hakuona haya kuiita bendi yake ya 1948 Cuban Marimba, na nyimbo zake leo hutajwa kwa heshima na wasomi wa ushairi. Mbona Kuba yapewa uraia, na gitaa la kukwaruza lanyimwa?

Jawabu litakuwa kwamba rumba imekaa muda mrefu. Naam, na hapo ndipo mshitaki anapojifunga kwa kamba yake mwenyewe, kwa sababu amekwisha kukiri kwamba ugeni ni hesabu ya miaka, si hesabu ya damu. Tena hesabu yenyewe ni fupi kuliko anavyodhani. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, aliwasikitikia watu waliojua rumba, chachacha na roki huku hawajapata kusikia habari za Gombe Sugu wala Mangala. Siku ile rumba na roki zilisimama kizimbani bega kwa bega. Haikupita miaka 10, rumba ikawa na ajira: chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi yake, polisi walikuwa na yao, jeshi lilikuwa na lake, na kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kikaunda bendi yake mwaka 1970. Roki peke yake ndiyo iliyoachwa kizimbani. Hakuna hukumu iliyosomwa; faili lilisahauliwa tu.

Washitaki hupenda kuikariri hotuba ile, lakini huikariri nusu. Katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka katika utamaduni wa wengine ni taifa la watu waliopungukiwa na akili. Hakutaka watu wafunge madirisha. Alitaka wajue nyumba ni yao. Mtu anayechukua nusu ya kwanza ya maneno hayo na kuificha ya pili hamtetei Mwalimu, anamtumia.

Yampasa mtu wa haki akubali kwamba hofu ya wakati ule ilikuwa na msingi. Ukoloni ulikuwa umewafundisha watu kuicheka ngoma ya bibi zao, na taifa changa lilikuwa na sababu ya kuuponya ugonjwa huo. Lakini dawa iliyotolewa mara nyingine ilimpiga mgonjwa ikaacha ugonjwa. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa 1968, ukapiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na krimu za kuchubua ngozi. Na katika mitaa ya Kariakoo wasichana walivamiwa kwa sababu ya mavazi yao. Mwaka uliofuata muziki wa soul nao ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo wa 1969, kundi la King Crimson lilitoa huko London santuri yake ya kwanza, na Waingereza wakaanza kuizungumzia kwa bidii namna mpya ya roki, yenye nyimbo ndefu zinazobadili mwendo njiani na vinanda vinavyotafuta njia zisizokwisha kukanyagwa. Namna hiyo ilipewa jina ambalo kwa Kiswahili halina tafsiri nyingine ila roki ya maendeleo.

Jina hilo ni la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Hapakuwa na neno lililopendwa zaidi katika Tanzania ya miaka ile kuliko maendeleo. Lilitajwa shambani, kiwandani na darasani. Trekta lilikuwa maendeleo, saruji ilikuwa maendeleo, pampu ya maji ilikuwa maendeleo, na hakuna aliyeuliza vilitengenezwa na kabila gani. Ila sauti ilipotaka kuendelea, iliambiwa ikae ilipo. Mkulima alihimizwa aliache jembe la mkono. Mpiga gitaa alitazamiwa asiliache la babu yake, ambaye hakuwa na gitaa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umesimama Kariakoo penyewe kwa mawe na nondo. Mwaka 1975, mwaka mmoja kabla ya Ave Africa, lilifunguliwa Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli. Aliyepata kusimama chini yake anazikumbuka nguzo zile zinazopanuka juu kama miavuli, zikawapa wachuuzi kivuli cha zege mahali pa kivuli cha miti. Zege si udongo wa mababu, na hesabu za kulisimamisha paa la namna ile hazikutoka katika ujenzi wa nyumba za makuti. Hata hivyo hakuna aliyesema Amuli ameacha asili. Watu waliliona soko, wakajiona wenyewe ndani yake: mahali pa kale pa kukutania, pamejengwa kwa nyenzo mpya. Sunburst walifanya jambo hilo hilo kwa sauti. Kama zege la Amuli ni la Tanzania, umeme wa gitaa lile ni wa nchi gani?

Shutuma ya pili ni ya lugha, na kwa wasomi wa Kiswahili ndiyo nzito zaidi. Ni kweli kwamba bendi hiyo iliimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Katika mkusanyo wa nyimbo zao, wimbo uitwao Enzi za Utumwani na ule uitwao Simba Anguruma umekaa pamoja na Let's Live Together. Ni kweli pia kwamba maneno ya Kiingereza ya wakati ule, yao na ya wenzao wengi, hayana kina cha maneno ya lugha ya mama. Aghalabu huwa na umbo la wito wa mkutano wa hadhara. Haifai kulificha jambo hilo. Lakini ni lazima mji uliozaa maneno hayo ukumbukwe. Tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Afrika Kusini, wa Zimbabwe na wa Namibia walipita katika mitaa yake, na si wote waliokijua Kiswahili. Kijana wa mji huo aliyetaka kumsalimu Mwafrika mwenzake alitafuta neno ambalo mwenzake atalisikia. Hata ile Ave ya Kilatini haikuwa ngeni masikioni mwa watu: wazee wa Kikatoliki walikwisha kuisali kabla Misa haijaanza kusomwa kwa Kiswahili. Maana yake ni salamu tu. Je, kuisalimu Afrika ni kosa la sarufi?

Na yule anayedai usafi wa lugha na atazame jina la wimbo ule wa kwanza, Enzi za Utumwani. Enzi ni neno lenye asili ya Kiarabu; utumwa ni neno la Kibantu lenye kidonda cha pwani yote ndani yake. Hapa vijana wanaoitwa waigaji wamechagua kuimba habari ya utumwa, habari ambayo njia zake zilishuka kutoka bara mpaka Bagamoyo, mwendo mfupi tu kutoka mjini kwao. Methali yasema mwacha asili ni mtumwa. Nao waliishika kumbukumbu ya utumwa wakaipigia gitaa la umeme. Kama huko ndiko kuacha asili, yafaa aliyebaki na asili aonyeshe amefanya nini nayo.

Shutuma ya tatu, ya mahali pa kuzaliwa, ni nyepesi kwa uzito ijapokuwa ni kubwa kwa kelele. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari mwaka 1928 wakaenda kurekodi Bombay. Hakuna mwalimu wa taarabu anayesema kwamba Siti ni wa Bombay. Basi kwa nini santuri iliyorekodiwa Zambia mwaka 1976 iwe ya Zambia? Mwaka huo huo reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970, ilikabidhiwa rasmi kwa nchi mbili zilizoimiliki, nayo yatoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Shaba ilipoteremka kutoka Zambia kuja bandarini, hakuna aliyesema bandari imekuwa ya kigeni. Wimbo ulipopanda kutoka bandarini kwenda Zambia, ukaambiwa umepoteza uraia njiani.

Tena swali la kweli si walikwenda wapi, bali kwa nini iliwapasa kwenda. Zambia ya miaka ile ilikuwa na vijana wengi wa roki, makundi kama WITCH na Amanaz, na Rais Kaunda alikuwa ameagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Kizambia. Agizo hilo halikuuliza kama gitaa linakwaruza. Liliuliza kama mpigaji ni wa nyumbani. Nia ya kulinda utamaduni ilikuwa moja katika nchi zote mbili, lakini Zambia ililinda watu, na Tanzania ililinda mitindo. Matokeo yake yanasikika mpaka leo: roki ya Zambia ina jina lake, Zamrock, nayo hutajwa duniani kote, roki ya Dar es Salaam haina hata jina.

Upungufu mwingine ulikuwa wa vyombo. Radio Tanzania Dar es Salaam, katika studio zake za Barabara ya Pugu, ilirekodi bendi kwa ukarimu, na hazina ya kanda zake ni urithi mkubwa. Lakini kanda ya redio ni sauti iliyokaa kabatini; hutoka inapoitwa na mtangazaji, kisha hurudi. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilipigwa chapa Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwezi Februari 1977 njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Taifa lililoimba usiku kucha kuanzia Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, mpaka Ilala na Magomeni halikujijengea njia imara ya kuuza wimbo wake lenyewe. Makosa hayo hayakuwa ya mpiga gitaa.

Ikafika 2016. Kampuni ya Strut ya Ulaya ikakusanya rekodi za Sunburst za miaka ya 1973 mpaka 1976, pamoja na santuri nzima ya Ave Africa, ikazitoa upya. Yafaa kampuni hiyo ishukuriwe, kwani ilifanya kazi ambayo wenyewe hawakuifanya. Lakini mtu mzima haridhiki kushukuru tu pale jirani anapomletea picha ya marehemu baba yake. Hujiuliza ilikuwaje yeye hana. Leo mwanafunzi wa Kitanzania anayetaka kuijua bendi ya mji wake ataisoma kwa Kiingereza, katika maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa London. Watoto wa Kariakoo, ambao mtaani kwao kila kipaza sauti cha dukani hushindana na cha jirani tangu asubuhi mpaka magharibi, wataukuta urithi wao umefungwa vizuri katika karatasi ya watu wengine.

Wala haisemeki kwamba nchi hii haiithamini roki kwa tabia yake. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Mwaka 2019 jumba la kumbukumbu yake lilifunguliwa Mji Mkongwe, na wageni hulipa kuingia. Hakuna ubaya katika jambo hilo, maana mtoto wa kisiwa ni mtoto wa kisiwa. Lakini yeye alitengeneza santuri zake ng'ambo na kuimba Kiingereza, naye hudaiwa kuwa wa hapa. Sunburst waliishi na kupiga Dar es Salaam, wakaimba Kiswahili, nao huambiwa ni wa kule. Inaonekana cheti cha uraia hutolewa si na mahali wala na lugha, bali na sifa ya Ulaya. Aliyesifiwa huko ni mwenyeji. Asiyesifiwa ni mgeni. Huko ndiko kuacha asili kwa kweli, na wanaokufanya ndio wale wale waliobeba methali begani.

Mwezi Julai 2021 Soko la Kariakoo lilishika moto. Watu walisimama barabarani wakililia paa la Amuli. Tume iliundwa, na fedha zikatengwa ili soko lijengwe tena. Ilikuwa haki, kwa sababu watu walijua kilichokuwa kinaungua ni chao. Santuri nayo huungua, ila moshi wake hauonekani. Huungua mzee aliyeipiga anapofariki bila ya kuulizwa, na kanda inapoliwa na unyevu wa pwani, na mhadhiri anapoandika orodha ya nyimbo za kusomwa darasani akaruka kila wimbo wenye gitaa lisilomfurahisha.

Kazi inayowangoja wasomi wa Kiswahili, basi, si ya kuisifu Ave Africa kupita kiasi. Haina haja ya kuitwa kilele cha muziki wa nchi, wala si kweli kwamba kila wimbo wa bendi ile ni lulu. Kazi ni kuitendea kama vinavyotendewa vitu vyenye wenyewe. Maneno ya nyimbo za Kiswahili za bendi hiyo na za bendi nyingine za vijana wa wakati ule yaandikwe, yafafanuliwe na yasomwe kwa uangalifu ule ule unaotumika kwa tenzi na kwa nyimbo za taarabu. Wazee waliopiga, waliocheza na waliokatazwa kucheza waulizwe wangali hai, katika Ilala, Magomeni na Kariakoo. Kanda za Radio Tanzania, zilizo sasa mikononi mwa TBC, zifunguliwe kwa watafiti. Na haki za wenye kazi, au za warithi wao, zifuatiliwe kwa sheria iliyopo tangu 1999, ili heshima isiwe ya maneno matupu.

Methali nyingine ya pwani yasema, mcheza kwao hutunzwa. Sunburst walicheza kwao. Walicheza kwa vyombo vya zama zao, kama vile wapagazi wa 1916 walivyoacha jina la zama zao mahali pale walipolala. Jina hilo lilipokewa bila ya ubishi, nalo sasa ndilo jina la nyumbani. Santuri ingali mlangoni, na wenye nyumba wameanza kuzeeka.